Vali ya Ekzosi Inayovuja Mdomoni mwa Turbo: Itoe kwa Subira, Uirudishe Ikiwa Nzima

Lori la mawe aina ya Isuzu FRR liliingia karakanani kwetu Ruiru, upande wa Kamakis, saa moja asubuhi. Dereva alishuka akijikanda kipaji cha uso kwa vidole viwili. "Fundi, vali ya ekzosi inavuja," akaniambia. "Kule Thika nimeambiwa hedi ifunguliwe." Mfukoni alikuwa na karatasi yenye bei ya kazi hiyo, na tajiri wake alikuwa tayari anatafuta pesa. Nilimwomba anywe chai kwanza, injini ipoe. Baadaye tukainua kabini, nikachukua kitambaa cheupe nikakipitisha chini ya shingo ya turbo. Kilirudi na mstari mweusi, laini kama wanja. Hedi haikuwa na neno. Kilichokuwa kikivuja ni vali ya breki ya ekzosi, na sikuhitaji kwenda mbali kutafuta chanzo cha kichwa kumuuma.

Jina ndilo lililokaribia kumpotezea tajiri yule fedha. Vitu vitatu katika lori la dizeli huitwa vali ya ekzosi. Kuna vali zilizomo ndani ya hedi, zinazofunguka kutoa moshi kwenye silinda. Hizo zikivuja injini hukosa nguvu, huwaka kwa shida na hutetemeka. Kuna kilango kidogo kwenye turbo yenyewe, kinachopitisha moshi pembeni ili presha ya hewa isizidi kiasi. Halafu kuna hii ya tatu, kipande cha chuma cha kusubu chenye sahani ya duara ndani yake, inayozunguka juu ya ufito mmoja. Wengi wetu huiita kipepeo. Dereva akibonyeza swichi ya breki ya ekzosi, kipepeo hufunga njia ya moshi, pistoni zikalazimika kusukuma hewa isiyo na pa kutokea, na injini ikageuka kuwa kizuizi cha magurudumu. Kwa hiyo ukienda kwa fundi usiishie kutaja jina. Mwonyeshe kwa kidole mahali panapovuja.

Ushauri wangu wote kuhusu kipande hiki unabebwa na jambo moja: kitoe ili ukitengeneze, usikitoe ili ukitupe. Nimeona malori mengi mno kati ya Thika na Ruiru ambayo kipepeo kilikatwa, shimo la ufito likapigwa welding, na mpira wa upepo ukafungwa kwa waya. Lori hutulia, kelele huisha, tajiri hulipa kidogo. Miezi sita baadaye lori huuzwa au hupewa dereva mwingine, naye hubonyeza swichi mteremkoni akitarajia msaada ambao haupo.

Kwa mtu anayebeba mawe ya Ndarugu kupeleka Ruiru na Nairobi, hatari hii haionekani haraka. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 njia ni pana na laini, na dereva anaweza kupita wiki nzima bila kuigusa swichi ile. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Kipepeo kinakaa mahali pamoja, masizi yanajikusanya kwenye ufito, unyevu wa usiku unaleta kutu, bushi zinaliwa upande mmoja. Siku lori likikodishwa kwenda Gatura kwenye majani chai, au likitumwa Nakuru na Kericho, dereva anaitaka breki ambayo imelala mwaka mzima. Ama haifungi, ama inafunga na kukataa kufunguka, ama inafunga huku ikitema moshi kando ya ufito kuelekea kabini. Wale wanaoshuka kutoka viwanda vya chai vya Gatanga na Kandara wakiwa na mzigo wanajua ninachosema. Breki za magurudumu zikishikwa mfululizo hupata moto, bitana hupoteza mshiko, pedali hushuka na gari lisipunguze mwendo. Breki ya ekzosi ipo ili zile za magurudumu zibaki baridi hadi zitakapohitajika kwa dhati.

Watu walilijua hili kwa machungu zamani. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, alikuwa akivuka nchi yake kwa lori kutoka New York kwenda Los Angeles. Akiteremka Cajon Pass, California, breki ziliisha nguvu, na chini ya mteremko treni ilikuwa inakatiza barabara. Alinusurika kwa nafasi ndogo sana. Hakulisahau tukio lile, na kutokana nalo alibuni breki ya injini ambayo kampuni ya Jacobs ilianza kuiuza mwaka 1961. Yake hutumia vali za ndani ya hedi, si kipepeo, lakini fikra ni ile ile: injini inayolisukuma lori kupanda mlima ilishike pia likiteremka. Sisi tuna miteremko ya Salgaa na Mai Mahiu, na tarehe 30 Juni 2023 tulipoteza watu zaidi ya 50 baada ya lori kupoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani. Mimi siwezi kufunga boliti ya breki bila kukumbuka picha za siku ile.

Na kwa kuwa nimefika hapa, niseme neno kwa madereva wanaotia gia nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta. Injini za kisasa za dizeli, kama ile 4HK1 ya FRR, hukata mafuta kabisa gari likiwa ndani ya gia na mguu uko nje ya aksileta. Ukitia nyutro, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi, na umejinyima breki ya injini na ya ekzosi kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe. Kabla ya kushika spana, tambua moshi unatoka wapi, kwa sababu mahali hubadilisha maana. Moshi ukitoka kabla ya turbo, yaani kwenye manifoldi au gasketi yake, turbo hukosa msukumo, lori hulegea mlimani na kutoa moshi mweusi nyuma. Ukitoka baada ya turbo, kwenye vali yetu hii, nguvu hazipungui sana. Dereva haoni sababu ya kuja karakana, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana anavuta moshi huku lori likivuta mzigo vizuri. Moshi wa dizeli una masizi na gesi za sumu, ikiwemo kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Dereva anayelala kabini injini ikiunguruma kwa ajili ya baridi ya Julai, huku vali ikivuja chini ya kiti chake, anacheza na uhai wake na wa utingo wake. Azime injini, afungue madirisha, ajifunike blanketi.

Kupima hakuhitaji mashine. Injini ikiwa baridi kabisa na imezimwa, tuma upepo mdogo wa kompresa kwenye bomba la nyuma, ukizibia pembeni kwa kitambaa kizito. Chovya brashi kwenye maji ya sabuni na upake kila kiungo: flanji ya turbo, mwili wa vali, pande zote mbili za ufito, flanji ya chini, na lile bomba la kunyumbuka linalofuata. Povu litakuonyesha. Povu dogo kwenye ufito ni la kawaida, kwa kuwa ufito huachiwa nafasi ya kutanuka ukipata moto. Povu linaloumuka kama mkate ndilo tatizo. Angalia pia kwa macho. Masizi makavu yaliyotawanyika kama mkia yanaelekeza kwenye tundu lake. Masizi yenye mafuta yanasimulia habari nyingine, nami nitaifikia.

Kazi yenyewe ianze jioni ya kutangulia. Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe kuni au mawe mbele na nyuma. Kabla ya kuinua kabini toa kila kitu kilicholegea ndani. Nimeona kizima moto kikitoka chini ya kiti na kuvunja kioo cha mbele, kwa haraka tu ya mtu aliyesema hakuna kitu humo. Funga milango, inua, na hakikisha mkono wa kushikilia kabini umeingia na kufuli yake imekaa. Usimruhusu mtu yeyote aweke kichwa chini ya kabini inayoshikiliwa na jeki pekee. Toa waya hasi wa betri. Kama vali yako husukumwa na upepo, toa upepo wote kwenye matangi. Kama huvutwa na vakyumu, uwekee mpira wake alama ya rangi. Piga picha kwa simu kutoka pande tatu. Kesho mchana utajishukuru.

Kisha nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye kila nati na kila studi, mahali uzi unapoonekana, na uende nyumbani. Rudia alfajiri. Nasisitiza usiku huu mmoja kwa sababu ndio unaookoa kazi nzima. Chuma hiki kimepata moto na kupoa maelfu ya mara. Lori likivuta mzigo mlimani, moshi unaoingia kwenye turbo huweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi, na hata ukishapita bado unachoma vikali. Nati ya aina hiyo haifunguki kwa hasira. Kijana akija na bomba la mita moja juu ya spana, studi hukatika, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, kwa kuwa nati zilizoliwa na kutu huzunguka ndani ya ile ya pili. Ishike nati, ikaze kidogo kwanza mpaka usikie ikilia, ndipo uirudishe robo mzunguko. Ikigoma, kaza tena, rudisha tena, nyunyiza mafuta. Ikikataa kabisa, pasha moto nati yenyewe kwa gesi mpaka ianze kuwa nyekundu ya kufifia, iache ipoe kidogo, kisha igusishe mshumaa. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya uzi, na mara nyingi nati hukubali hapo. Lakini pangusa kwanza mafuta yote uliyonyunyiza, funika mabomba ya dizeli na nyaya kwa kitambaa kilicholowa maji, na utingo asimame kando na kizima moto mkononi, asiwe na simu. Moto uelekezwe kwenye nati. Ukiuelekeza kwenye nyumba ya turbo unaweza kuipasua au kuharibu sili zilizo nyuma yake, na hapo utakuwa umenunua turbo nyingine.

Kabla ya nati ya mwisho kutoka, tegemeza bomba la ekzosi. Lifunge kwa waya au uliwekee stendi chini. Uzito wake ukining'inia kwenye lile bomba la kunyumbuka, litachanika, nawe utajikuta umeziba tundu moja na kufungua jingine. Vali ikiwa imeganda kwenye flanji, igongegonge ubavuni kwa nyundo ya plastiki au ya shaba. Usichomeke bisibisi kati ya flanji na kubanjua. Uso wa turbo ukipata mkwaruzo, gasketi mpya itavuja pale pale.

Kuhusu gasketi ya zamani, tahadhari. Kwenye malori ya miaka mingi huwezi kujua kama ilitengenezwa kwa asbesto. Usiisugue kwa mashine wala kuipuliza kwa upepo. Iloweshe maji, ikwangue taratibu kwa kisu butu, itie kwenye mfuko wa plastiki na ufunge.

Mara vali inapotoka, ziba mdomo wa turbo. Tumia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kuzama ndani, kisha zungushia utepe. Ndani mle kuna gurudumu la mapanga linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika injini inapofanya kazi. Kipande cha kutu chenye ukubwa wa punje ya mchele kikibaki humo kinatosha kulivunja. Nati iliyodondoka humo na ikasahaulika ni maafa.

Lakini kabla ya kuziba, chungulia. Nafasi hii huipati kila siku. Washa tochi utazame mapanga: yawe na ncha zilizo sawa, bila mikato. Yazungushe kwa kidole. Yateleze bila kukwaruza ukuta. Shika ncha ya ufito wa turbo, uutikise juu na chini. Utahisi mchezo mdogo, na huo ni halali, maana ufito huelea juu ya mafuta. Kisha uvute kuja kwako na kuusukuma. Kidole kikihisi mchezo wa wazi mbele na nyuma, beringi ya msukumo imekwisha. Mwisho, gusa ukuta wa ndani. Ukiwa mkavu wenye masizi, turbo yako ni nzima. Ukiwa na mafuta mabichi, yafuatilie: huenda sili zimechoka, huenda bomba la kurudisha mafuta limeziba, huenda injini yenyewe inapumua sana. Hayo ndiyo masizi yenye mafuta niliyoyataja. Kufunga vali nzuri kwenye turbo inayomwaga mafuta ni kumdanganya tajiri.

Studi ikikatika, usione aibu kuita msaada. Njia ninayoiamini ni kuweka nati kubwa kidogo juu ya kisiki kilichobaki na kuijaza welding katikati. Joto lenyewe hulegeza kutu, na mara nyingi studi hutoka kwa spana. Kutoboa kwa drili kunahitaji mkono wa aliyezoea, na mdomo wa turbo uwe umezibwa kwa kitambaa chenye grisi ili chembe za chuma zinase hapo.

Vali sasa iko mezani. Zungusha ufito kwa mkono. Ukikwama, loweka, safisha masizi kwa brashi ya waya, zungusha tena. Ukicheza kama jino linalong'oka, bushi zimekwisha. Thika ina bahati ya mafundi chuma. Mji huu umekuwa na kiwanda cha kuunganisha magari tangu 1974, kilipoanzishwa kama Leyland Kenya, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na viwanda vinavyouzunguka havijawahi kuacha kuhitaji watu wa kukereza vyuma. Mpelekee mkerezaji mwili wa vali pamoja na ufito wake, umweleze kazi ya kitu hiki. Usimwache akuwekee bushi ya shaba nyeupe kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Mahali hapa pana moto mkali na masizi, na bushi iwe ya chuma cha pua au chuma cha kusubu. Nafasi kati ya ufito na bushi isiwe finyu mno. Kile kinachoonekana kizuri sana mezani kikiwa baridi, hung'ang'ana barabarani kikipata moto.

Kama mwili wa vali una ufa, nakushauri ununue mwingine. Chuma cha kusubu huweza kuunganishwa kwa waya wa nikeli baada ya kupashwa moto polepole na kupozwa polepole, na wapo wanaoweza, ila mahali penye moto na mtikisiko kama hapa ufa hurudi. Ukinunua uliotumika kule Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na wa zamani mkononi, ulinganishe idadi ya matundu, umbali kati yake na upande wa mkono wa kusukumia. Majina ya modeli hudanganya, matundu hayadanganyi.

Kuna jambo mafundi wengi hulikosea kwa nia njema. Utaona kipepeo hakizibi njia kabisa: ama kina kitundu katikati, ama kimeacha upenyo pembezoni. Waliotengeneza walikusudia hivyo. Presha ya nyuma ikizidi, inazishinda springi za vali za ndani ya hedi na kuzifungua wakati zinapaswa kufunga, na sili za turbo nazo huteseka. Ukiziba kitundu kile ili breki ishike zaidi, utakuwa umeanza safari ya kwenda kufungua hedi kweli.

Gasketi iwe ya bati la matabaka, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Usikate ya karatasi ya mafuta, na usitegemee silikoni nyekundu. Ile silikoni hufaa kwenye sampu na maji, lakini kwenye shingo ya turbo hugeuka unga. Pitisha rula ya chuma juu ya kila flanji na kuitazama kwa mwanga nyuma yake. Ukiona mwanga unapita katikati, flanji imepinda na lazima isawazishwe kwa mashine, la sivyo utabadilisha gasketi kila mwezi.

Huenda kipuri hakijapatikana na mzigo unangoja. Naijua hali hiyo, na sitakuambia ulaze lori wiki mbili. Lakini fanya inavyostahili. Tengenezewa kipande cha bomba chenye urefu uleule na flanji za kila upande, kikae mahali pa vali, ili bomba la ekzosi lisivutwe kuja juu. Ziba mpira wa upepo au wa vakyumu kwa kizibo na klampu, kwa kuwa ukiachwa wazi unaweza kupunguza nguvu za breki zenyewe. Chomoa swichi. Bandika karatasi kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva, iseme BREKI YA EKZOSI HAIPO, pamoja na tarehe. Punguza mzigo, usilitume lori hilo kwenye miteremko mirefu, na dereva ateremke kwa gia ya chini kuliko aliyoizoea. Na vali ile usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Itundike karakanani yenye jina la gari, iwe deni linaloonekana.

Kuifunga tena ni kazi fupi ukiwa umefanya ya kwanza vizuri. Studi zipakwe grisi ya shaba ili atakayefuata asiteseke ulivyoteseka. Nati ziwe mpya. Zote zianze kwa vidole, bomba likiwa linakaa lenyewe bila kulazimishwa, kisha kaza kwa kukingamisha, moja huku na ya pili mkabala wake, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Kabla ya kufunga bomba la chini, sukuma kipepeo kwa mkono na utazame: kikiwa kimefunguka kilale sambamba na njia ya moshi. Kikibaki kimeinama hata kidogo, lori litakosa pumzi mlimani, litatoa moshi mweusi, na turbo itapata moto wa bure. Angalia pia nguzo za mpira za injini na vishikizo vya bomba la ekzosi. Injini inayocheza kwenye nguzo zilizochoka hukunja shingo ya turbo kila dereva anapoachia klachi, na mara nyingi ndiyo iliyoanzisha kuvuja.

Shusha kabini, rudisha betri, washa. Utingo asimame anapoona mkono wa vali, dereva abonyeze swichi: mkono uende mpaka mwisho na urudi mpaka mwisho. Dereva aguse aksileta, mkono uachie mara moja. Aguse klachi, uachie vilevile. Usipoachia, lori halitoki. Nenda nalo kwenye mteremko mfupi usio na magari mengi, likiwa tupu, ujaribu kwa mwendo mdogo. Ukirudi, liache liungurume taratibu dakika tatu kabla ya kuzima, turbo ipoe huku mafuta yakizunguka. Na mwambie dereva mambo mawili ya kuchukua nyumbani: aibonyeze swichi ile kila siku hata kama njia ni tambarare, ili ufito usigande, na asiwaruhusu vijana wa kuosha magari kumwagia injini maji baridi ikiwa bado moto, kwa sababu chuma cha kusubu hupasuka kimya kimya.

Kazi ilipokwisha, yule dereva wa mawe nilimwambia arudi kesho yake kabla ya kuwasha injini. Alikuja saa kumi na mbili na nusu, lori likiwa limelala langoni mwa karakana usiku kucha. Nilizipitia nati nne nilizofunga jana yake. Moja ilikubali karibu robo mzunguko, kwa kuwa gasketi mpya hujilaza ikishapata moto wa kwanza. Nilipitisha kitambaa cheupe mahali pale pale, nikampa akishike mwenyewe.